Miaka 2, maneno yanahesabika. Nisubiri?

MamaTanga: Shikamooni wakubwa. Mwanangu anasema "mama", "maji", "lete" na "tata" (taa), basi. Ila ukimwambia "kalete kandambili za baba" anakimbia, analeta zote mbili. Bibi yake humsemesha Kisambaa, mimi Kiswahili. Jirani anasema lugha mbili zinamchanganya. Mama mkwe anataka akatwe kimeo!

NesiMstaafu: Marahaba mwanangu. Kimeo kisiguswe! Hakihusiani na kusema, na kukikata huleta damu na maambukizi. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto; hesabu na maneno ya Kisambaa. Kuelewa maagizo ni dalili njema, lakini umri huu tunatarajia kama maneno 50, na kuunganisha mawili: "mama maji". Usisubiri, akapimwe masikio. Amewahi kutoka usaha?

MamaTanga: Ndiyo, sikio la kushoto, wakati wa masika.

NesiMstaafu: Basi anzia hapo hapo.

BabaWawili: Na simu je? Wangu alikuwa mtu wa katuni. Nikazima, tukawa tunamenya vitunguu pamoja huku nikitaja kila kitu. Akinyooshea kidole kikombe, kitaje, nyamaza kidogo, umpe nafasi.

MamaTanga: Jumatatu tunaenda kliniki. Mama mkwe mtakuja kumsemesha nyie.