Tennyu (taarifa ya kuhamia mji mpya) imekataliwa, siku 90 zinakaribia (na ndiyo, Jumapili nilikuwa Kashiwa)

Kutoka: Mhamiaji wa Gifu
Jumanne, 26 Novemba 2019

Ndugu zangu mlioko Japani, hamjambo. Nina shida na shiyakusho, ofisi ya mji, mwenye kujua anisaidie upesi.

Nilihama Chiba tarehe 14 Septemba, wiki ile ya kimbunga, Taifu namba 15. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima na kazi mpya huku Gifu ilikuwa inaanza Jumanne. Nilifunga mizigo kwa mwanga wa simu nikaondoka bila kupeleka tenshutsu, taarifa ya kuhama mji wa zamani. Nikajiambia nitarudi niifanye. Na kweli Chiba nimerudi mara tano, ila zote wikendi, kwa sababu nilikuwa nafuata mechi za Reysol, timu ya soka ya Kashiwa huko huko Chiba. Wikendi dirisha limefungwa.

Jana asubuhi nimeshuka basi la usiku nikaenda moja kwa moja ofisi ya mji. Mama wa dirishani akageuza zairyu yangu (kadi ya ukaazi), akaona anwani bado ya Chiba, akaomba cheti cha tenshutsu. Sina. Akavuta kalenda ya mezani akawa anahesabu kwa ncha ya kalamu, mraba kwa mraba, mpaka akafika jana: siku 72. Akanipa karatasi ya kueleza sababu ya kuchelewa, akasema nirudi nayo pamoja na cheti. Juu ya hayo Chiba bado wananitoza kokuho (bima ya afya inayolipwa kwa mji), na kazini nimeshaingizwa shakai hoken (bima ya waajiriwa) tangu Septemba.

Swali langu hasa ni hili: kwenye mstari wa sababu niandike nini? Taifu ilinichelewesha wiki mbili, tatu hivi. Zilizobaki ni Olunga, Mkenya mwenzetu anayefunga mabao ya Reysol. Sitaki kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali, na sitaki kupoteza viza.

---

Kutoka: Mama Wawili, Saitama
Jumanne, 26 Novemba

Pole sana kaka. Tenshutsu huhitaji kwenda Chiba. Inafanyika kwa posta. Chapisha fomu kutoka tovuti ya mji wako wa zamani, weka nakala ya zairyu mbele na nyuma, weka bahasha yenye anwani yako mpya na stempu ya yen 82, tuma. Mimi nilifanya hivyo nilipotoka Kobe na tumbo la miezi minane, sikuweza kupanda shinkansen. Ilichukua siku sita.

Kokuho ukishaingia shakai hoken unaenda kujitoa mwenyewe, hawajui kama umeingia kwingine. Mimi walinitoza miezi minne kabla sijagundua. Nilirudishiwa, lakini nililia.

Na hongera kwa Reysol kuchukua ubingwa wa J2, ligi daraja la pili. Omiya wetu wamemaliza wa tatu, tunaingia mchujo.

---

Kutoka: Mzee wa Nagoya
Jumatano, 27 Novemba

Dada, stempu ni yen 84 tangu tarehe 1 Oktoba mwaka huu wa 2019, kodi ilipopanda kutoka 8 hadi 10. Tukisaidia watu tusaidie kwa usahihi. Bahasha ikipungua yen mbili itarudi, na kijana hana siku za kuchezea.

Kijana, nisikilize vizuri. Siku 14 zimeshapita, hilo ni kosa dogo, mahakama inaweza kukutoza faini, ingawa wengi niliowaona waliandika sababu wakaachiwa. Siku 90 ni jambo lingine kabisa. Usipojiandikisha makao mapya ndani ya siku 90 bila sababu ya maana, zairyu yenyewe, yaani kibali chako cha kukaa, inaweza kufutwa. Kwa hesabu ya huyo mama, siku yako ya 90 ni tarehe 13 Desemba. Tuma barua leo.

Mwaka 1998 nilihama Osaka kuja huku. Enzi hizo sisi wageni tulikuwa na kadi ya gaijin toroku (usajili wa wageni), hakuna cha tenshutsu, unaenda tu mji mpya unajiandikisha. Tangu 2012 tumeingizwa kwenye juminhyo, rejista ya wakazi, pamoja na wenyeji. Ni heshima, lakini ndipo makaratasi yalipozidi.

Juminzei, kodi ya ukaazi, usiogope. Unalipa mji uliokuwa unakaa tarehe 1 Januari, kwa hiyo ya mwaka huu ni ya Chiba yote, hata kama umehama.

---

Kutoka: Fundi wa Hamamatsu
Jumatano, 27 Novemba

Kama ana kadi ya Mai Namba (namba ya utambulisho ya serikali) hahitaji cheti cha karatasi, kompyuta zinaongea zenyewe. Mimi nilipeleka kadi tu.

---

Kutoka: Mzee wa Nagoya
Jumatano, 27 Novemba

Ulipeleka ndani ya siku 14. Yeye zimepita, njia hiyo imefungwa, anahitaji karatasi. Tafadhali someni barua ya mwenzenu kabla ya kujibu.

---

Kutoka: Mpemba wa Yokohama
Alhamisi, 28 Novemba

Assalaam aleikum. Ya makaratasi wazee wameshayasema. Mimi nataka kumuuliza ndugu yetu wa Gifu: ulikuwepo? Ulikuwepo kweli Jumapili ile Reysol waliposhinda 13-1?

Mimi nilikuwa uwanja wetu wa Mitsuzawa na mwanangu. Yokohama FC nasi tumepanda daraja, nafasi ya pili, tena tukiwa na mkongwe Kazu Miura wa miaka 52 kwenye kikosi. Tunatoka uwanjani tunaimba, mwanangu anafungua simu ananiambia, baba, yule Mkenya amefunga nane. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Nane, mechi moja.

Nami sijasahau Cairo mwezi wa sita. Taifa Stars tuliongoza mara mbili, Msuva kisha Samatta, na Olunga huyu huyu akatufunga mawili tukalala 3-2. Ile ilinichoma. Lakini Jumapili nilifurahi kama vile ni wa kwetu. Ukikaa huku miaka kumi na mbili mpaka wa Namanga unakuwa mwembamba sana.

---

Kutoka: Mhamiaji wa Gifu
Alhamisi, 28 Novemba

Asanteni nyote, shikamoo Mzee. Barua nimeituma jana kwa rejista, stempu 84.

Mpemba, wa aleikum salaam. Nilikuwepo. Uwanja wa Kashiwa ni mdogo, jukwaa limesogea karibu na nyasi hata unasikia kiatu kikigonga mpira. Pembeni yangu alikaa mzee wa Kijapani ambaye nimekaa naye msimu mzima, hatujawahi kuambiana majina. Ana kidaftari, kila bao la Olunga anachora mstari mmoja wa ile kanji ya 正, mistari mitano inakamilisha herufi moja. Kwa mechi nyingine unakuta kimstari kimoja au viwili. Jumapili alikamilisha herufi nzima, akaanza ya pili, akafika mstari wa tatu. Akanigeuzia daftari nione. Mkono ulikuwa unatetemeka. Halafu akaniambia kwa Kijapani cha polepole, asante kwa kutuletea. Mimi sijamleta mtu. Lakini niliinama nikapokea ile shukrani kwa niaba ya watu wote wa nyumbani.

Kazini huku wananiita kwa namba ya mashine. Kule Kashiwa, nikivaa ile jezi ya njano, mtu ananisogezea kiti. Ndiyo sababu nilikuwa napanda basi la usiku. Sasa hiyo ndiyo sababu ya kweli, na sijui kama dirishani inaandikika.

Ubingwa walishauchukua kabla ya mechi ya mwisho, wangeweza kucheza kwa kujivuta. Mfungaji bora wa J2 akafunga msimu na nane.

---

Kutoka: Mama Wawili, Saitama
Ijumaa, 29 Novemba

Imenitoa machozi hiyo ya daftari. Ila mfungaji bora si Olunga. Ni Leonardo wa Albirex Niigata, mabao 28. Olunga ana 27. Tukisaidia watu tusaidie kwa usahihi, si ndivyo Mzee alivyosema?

---

Kutoka: Fundi wa Hamamatsu
Ijumaa, 29 Novemba

27 kwa ligi ya pili. Tungoje mwakani kwenye J1, ligi kuu, tuone. Daraja la pili mabeki wamechoka.

---

Kutoka: Mpemba wa Yokohama
Ijumaa, 29 Novemba

Wamechoka kwa nini? Timu 22, mechi 42, Februari mpaka Novemba, kutoka Yamagata hadi Okinawa kwa FC Ryukyu. Hiyo ligi ni ngumu kuliko unavyodhani. Reysol hao hao walibeba J2 mwaka 2010 na mwaka uliofuata wakabeba J1, kocha Nelsinho, na ndiye kocha wao msimu huu wa 2019. Usidharau kijana aliyefunga hat-triki La Liga akiwa Girona.

---

Kutoka: Mzee wa Nagoya
Jumamosi, 30 Novemba

Ninyi mnashangilia waliopanda. Majirani zetu FC Gifu wamemaliza wa 22, wameshuka J3 pamoja na Kagoshima. Nilikwenda Nagaragawa mara mbili msimu huu. Mashabiki walibaki kwenye viti baada ya filimbi, kisha wakaokota takataka zao kimya kimya wakaondoka.

Kuhusu nyumbani, nimesoma kwamba ripoti ya BBI, ule mpango wa maridhiano wa Kenya, imezinduliwa Jumatano pale Bomas, Nairobi. Mwezi wa nne walituambia Huduma Namba, utambulisho mpya wa Wakenya, itamaliza foleni zote. Hapa Japani nina Mai Namba, na bado nimepiga foleni. Dada yangu Kisii alipiga foleni ya siku mbili, mpaka leo hana kadi. Kama tungekuwa na ofisi moja nyumbani inayohesabu siku kwa ncha ya kalamu kama huyo mama wa dirishani, ningeacha kulalamika.

---

Kutoka: Mpemba wa Yokohama
Jumamosi, 30 Novemba

Mzee, na sisi Tanzania bara Jumapili ile ile ya mechi ilikuwa kura ya serikali za mitaa. Chadema na wengine walishajitoa. Kaka yangu Tanga ameniambia mtaani kwake hakukuwa na wa kumchagua wala wa kumkataa, mgombea mmoja tu. Sikulala vizuri.

---

Kutoka: Mhamiaji wa Gifu
Alhamisi, 5 Desemba

Cheti cha tenshutsu kimefika jana, siku saba. Kokuho ya Chiba nao wametuma fomu ya kujitoa. Nimeomba ruhusa nusu siku kesho asubuhi, nitakuwa dirishani saa mbili u nusu wakifungua, siku ya 83.

Dada wa Saitama, pole kwa Omiya. Kutolewa na Yamagata nyumbani kwenu inauma.

Karatasi yote nimejaza isipokuwa ule mstari wa sababu. Kuna aliyewahi kuandika kitu akakubaliwa? Hata sentensi moja tu ya Kijapani naomba.

---

Kutoka: Fundi wa Hamamatsu
Alhamisi, 5 Desemba

Jamhuri Dei tarehe 12 tunakutana kwangu Hamamatsu, itakuwa jioni maana ni siku ya kazi. Mwenye kujua duka la Nagoya lenye unga mweupe wa mahindi aniambie, ule wa hapa ni wa njano na haushikani. Mpemba, karibu na mwanao. Badala ya sukuma tutatumia komatsuna, mboga ya majani ya huku.

---

Kutoka: Mama Wawili, Saitama
Alhamisi, 5 Desemba

Unga ninao kilo nne. Nitumie anwani, lakini hiyo iliyoandikwa kwenye zairyu.