Tupeane uzoefu: kutia ukungu kwa makusudi katika picha za maua

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, kwa miaka mingi niliamini kwamba picha nzuri ya ua ni ile inayoonyesha kila kitu waziwazi, mpaka jioni moja nilipopiga picha ya bogenvilia pale Capri Point, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, na kugundua kwamba paa la bati lililokuwa mita mbili nyuma yake ndilo lililotawala picha. Nilifungua tundu la lenzi yangu ya milimita 50 hadi f/1.8, yaani wazi sana ili kilicho nyuma kififie, lakini mikunjo ya bati iliendelea kuonekana. Nilipozunguka upande wa pili na kulisogelea ua hadi nusu mita, nyuma yake likabaki ziwa peke yake, mbali sana, na mng'aro wa jua juu ya mawimbi ukageuka kuwa miduara laini ya dhahabu. Tangu siku hiyo hutazama kwanza kilicho nyuma ya ua, ndipo nishike kamera. Naomba kila mmoja aeleze alivyofanya, hasa pale aliposhindwa mwanzoni.

Mchangiaji, Kirumba
Mimi nilijifunzia kwenye gugumaji, mmea ambao wavuvi wetu hawana sababu yoyote ya kuupenda, ingawa ua lake la zambarau hafifu ni zuri mno, na petali yake ya juu ina doa la njano. Nililala kifudifudi juu ya mawe, kamera ikikaribia usawa wa maji, nikapitisha lenzi katikati ya majani yaliyokuwa karibu kuigusa, nayo yakawa utando wa kijani mbele ya ua. Picha za mwanzo ziliharibika zote kwa sababu kamera iling'ang'ania majani hayo. Ilinibidi nizime fokasi ya kujiendesha, ambayo huiachia kamera ichague yenyewe kitakachoonekana waziwazi, na kuzungusha lenzi kwa mkono mpaka doa lile la njano lilipokaa sawasawa. Kwa maoni yangu, doa hilo likififia, jicho halina pa kutua na picha imepotea.

Mchangiaji, Nyegezi
Naheshimu maoni hayo, lakini sikubaliani kwamba ni lazima pawe na sehemu inayoonekana waziwazi. Mikrismasi inapochanua mwezi Desemba, mimi huiacha shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, ikae wazi kwa robo sekunde na kuisogeza kamera kutoka chini kwenda juu, hata maua yakawa mikondo myekundu. Mara ya kwanza nilijaribu adhuhuri na picha zikatoka nyeupe tupu, ingawa ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ilikuwa chini, 100, na tundu nilikwisha kulibana hadi f/22. Sasa hufunga filta nyeusi inayopitisha sehemu moja tu ya nane ya mwanga, na husubiri jua lishuke. Upepo wa alasiri utokao ziwani nao husaidia, kwa kuwa matawi huongeza mwendo wao wenyewe. Katika picha 40 hubakiza mbili au tatu.

Mchangiaji, Buswelu
Natumia simu. Ile programu ya kufifisha mandharinyuma hukisia kingo za ua, na kwenye haibiskasi iliukata ule utambi wa katikati wenye chavua. Niliizima, nikalisogelea ua hadi sentimita kumi hivi, na ukungu ukaja wenyewe.

Mleta mada
Ndugu wa Nyegezi, nimejaribu njia yako juzi jioni, lakini kila ua lilionekana kana kwamba limepigwa mara mbili, moja likiwa limetulia na jingine likiburuzwa. Je, huanza kusogeza kamera kabla ya kubonyeza au baada?

Mchangiaji, Nyegezi
Kabla, tena bila kusita hadi shata ifunge. Ukibonyeza kwanza, kamera hunasa ua likiwa bado limetulia, na hilo ndilo ua la kwanza unaloliona. Anza kusogeza mkono ukiwa umeelekeza lenzi kwenye shina, ubonyeze unapoyafikia maua, kisha uendelee mpaka angani.