Vitundu ndani ya akriliki ya meno bandia

Salaam mafundi, niko Malindi. Natumia akriliki (plastiki ya meno bandia) ya kuivisha kwa joto, unga na monoma (kimiminika chake) 3:1 kwa ujazo. Flaski (kasha la chuma lenye ukungu wa plasta) hutiwa kwenye maji yanayochemka dakika 40. Sehemu nyembamba ni safi, ila upande mnene wa taya la chini una vitundu ndani. Kosa liko wapi?

— Ndugu, umechemsha mapema mno. Monoma huchemka karibu na 100°C, na akriliki inapoanza kugumu hutoa joto lake yenyewe. Plasta hailipitishi haraka, hivyo kiini cha sehemu nene huvuka 100 na monoma iliyobaki hugeuka mvuke. Mtengenezaji asipoagiza vingine, anza na maji ya kawaida, panda polepole hadi 74°C, kaa hapo saa 2, kisha chemsha saa 1. Tumia kipimajoto, usikisie kwa macho! Poza mezani nusu saa kabla ya maji baridi, la sivyo bamba la meno bandia litapinda.

— Mwenye kufikia maabara apime kwa DSC (kifaa kinachopima joto ambalo sampuli hupokea au kutoa ikipashwa): miligramu 10, ndani ya nitrojeni, ikipanda 10°C kwa dakika. Akriliki iliyoiva vizuri hulainika karibu na 105°C. Ikilainika chini zaidi mzunguko wa kwanza wa kupasha, kisha ikapanda wa pili, monoma ilibaki.

— Na mchana wa joto donge la unga na monoma hukaza haraka?

— Ndiyo. Poza chombo cha kuchanganyia kwenye friji, ukikaushe kabisa kabla ya kutia unga. Unyevu huharibu rangi na nguvu.