Mtoto haachi kuugua kifua: vitamini D inazuia nimonia kweli?

MamaTumaini

Habari za jioni wapendwa. Naombeni ushauri, hasa wenye watoto wadogo na wenye taaluma ya afya.

Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi miwili. Nilirudi kazini alipofikisha miezi tisa, na tangu hapo kifua hakimwachi. Mafua, kikohozi, homa, anapona wiki mbili, anaanza tena. Mwezi wa sita alilazwa siku nne, wakasema ni nimonia. Kumwona na mpira wa oksijeni puani ni kitu ambacho hakijanitoka kichwani. Akikohoa usiku mimi silali tena mpaka kunakucha.

Mdogo wangu anaishi Uingereza. Alisoma kwamba watoto wenye upungufu wa vitamini D wanapata nimonia kirahisi, akanitumia chupa ya matone. Sisi tunakaa Upanga, ghorofa ya nne, mtoto anashinda ndani na dada wa kazi, jua analiona dirishani. Nikaona huenda ndio tatizo letu. Nampa kila siku, hii ni wiki ya sita, lakini juzi kikohozi kimerudi. Siku hizi hataki kula, anaomba maji sana na choo kimekuwa kigumu, nadhani ni meno.

Ninachouliza: vitamini D inazuia nimonia kweli? Au dozi ni ndogo, niongeze? Maana kliniki wanatoa vidonge vya vitamini vyenye yuniti laki mbili, hii yangu imeandikwa 400 tu.

Mzee wa Msasani

Pole sana binti yangu. Mimi nimelea saba na hakuna aliyepewa matone. Jua la kwetu linatosha na linabaki, hizo chupa ni za watu wa kwenye theluji. Mtoe mtoto nje saa moja asubuhi jua likiwa changa, mpake mafuta, mnyonyeshe. Usimjaze madawa.

Mama Elias, Tampere

Pole dada. Mimi niko Finland. Huku kila mtoto anaanza matone ya vitamini D akiwa na wiki mbili, mikrogramu 10 kwa siku, ambazo ndizo hizo yuniti 400 (IU). Nesi wa kliniki anakuuliza kila ukienda. Toka Oktoba mpaka Machi jua lipo lakini halitengenezi kitu kwenye ngozi, na ngozi zetu nyeusi zinahitaji muda mrefu zaidi kuliko za wenyeji. Wanangu wote wawili wamekunywa. Lakini niseme ukweli, mafua waliugua kama watoto wengine wote wa chekechea. Nesi alinieleza tangu mwanzo kwamba matone ni ya mifupa, mtoto asipate matege, yaani mifupa laini inayopinda. Hakuniahidi habari ya kifua.

Mfamasia77

Mama Tumaini, kabla ya mengine yote naomba unijibu mambo mawili. Kwenye chupa imeandikwa IU 400 kwa *tone moja* au kwa *mililita moja*? Na wewe unapima vipi, kwa tone au unavuta kile kibomba kikijaa?

MamaTumaini

Nimeenda kusoma sasa hivi. Imeandikwa tone moja lina IU 400. Mimi navuta kibomba mpaka kwenye alama ya mililita moja, kama ninavyompimia dawa ya homa. Nimekosea?

Mfamasia77

Acha leo hii. Usimpe tena hata tone.

Naomba usijilaumu, kosa hili limewapata wengi. Marekani mwaka 2010 mamlaka yao ya dawa ilitoa tahadhari kwa sababu ya vibomba hivihivi, vinavyobeba kingi kuliko dozi ya mtoto mchanga. Kuna chupa ambazo IU 400 ni mililita nzima, na kuna ambazo ni tone moja. Mililita moja ina zaidi ya matone 20. Kwa hiyo binti yako amekuwa akipata zaidi ya IU 8,000 kwa siku. Kikomo cha juu kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni 2,500.

Vitamini D ikizidi, mwili unafyonza kalsiamu nyingi kupita kiasi, inajaa kwenye damu. Dalili zake ni kukosa hamu ya kula, kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, kutapika. Umetaja tatu na ukasema ni meno. Inawezekana kweli ni meno, lakini hili halipimwi kwa kukisia. Kesho asubuhi mpeleke hospitali, beba chupa yenyewe, waambie wapime kalsiamu na figo. Akianza kutapika au kulegea usiku huu, usingoje asubuhi.

Na hivyo vidonge vya laki mbili ni vitamini A. Hiyo ni dawa nyingine kabisa, inatolewa mara mbili kwa mwaka, laki moja kuanzia miezi sita na laki mbili kuanzia mwaka mmoja. Namba za A hazilinganishwi na za D.

Sista Njombe

Nakubaliana na mfamasia kwa kila neno. Mama Tumaini, ukifika tujulishe.

Mimi ni nesi wa wodi ya watoto, huku kwenye baridi, na miezi hii tunajaza vitanda. Wakati unasubiri, jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua, angalia saa, hesabu dakika nzima. Kwa umri wa binti yako, pumzi 40 na kuendelea ni nyingi, hiyo ni hospitali. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka asitimize mwaka ni 50, na aliye chini ya miezi 2 ni 60. Na kama chini ya mbavu kunabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au degedege, au amelala na haamki vizuri, hapo huhesabu tena, unakimbia.

Nakuuliza pia: dada anapikia nini, na mtoto anakuwa wapi wakati anapika? Na kadi ya kliniki ina chanjo zote? Chanjo ya nimonia, ile ya wiki ya 6, 10 na 14, alipata zote tatu?

MamaTumaini

Natetemeka hapa. Hatapiki, anacheza, nimempa titi. Nimehesabu pumzi, 36. Kesho alfajiri tunaondoka.

Dada anapikia mkaa kwenye kibaraza, gesi tuliiacha ilipopanda bei. Mtoto anakuwa mgongoni kwake. Sikuwahi kuliwaza hilo. Chanjo ya wiki ya 14 tulikuwa Moshi kwenye msiba, niliporudi sikumbuki kama alichomwa, nitaangalia kadi.

Dokta wa watoto

Mama, mfamasia amekuongoza vizuri, fuata. Mimi nijibu swali lako la awali kwa sababu wazazi wengi wanaliuliza kliniki na wanastahili jibu lililonyooka.

Hofu ya mdogo wako haikutoka hewani. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa Ethiopia uliolinganisha watoto 500 wenye nimonia na 500 wasio nayo, wote chini ya miaka mitano. Wenye nimonia, 210 walikuwa na matege. Wasio nayo, 20 tu. Tofauti kubwa mno. Na inaeleweka: mbavu za mtoto mwenye matege ni laini, kifua hakina nguvu ya kukohoa na kutoa makohozi, halafu chembe za kinga zenyewe hutumia vitamini D kutengeneza protini zinazoua vijidudu. Mtoto mwenye upungufu mkubwa kweli yuko hatarini.

Sasa watu wakasema, basi tuwape wote. Kabul, Afghanistan, watoto wachanga zaidi ya 3,000 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa IU 100,000 kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka na nusu, jingine likapewa dawa isiyo na kitu. Matokeo yalitoka 2012: nimonia ya kwanza iliwapata sawasawa. Hawa ni watoto wa mji wenye baridi kali na upungufu mwingi, mahali ambapo kama ingefaa ingeonekana. Toronto, watoto wa mwaka 1 hadi 5 walipewa 2,000 kwa siku, wenzao 400. Mafua yalikuwa yaleyale. Mongolia, wanafunzi karibu 8,900 walipewa dozi ya kila wiki kwa miaka mitatu ili wasiambukizwe kifua kikuu. Haikuzuia.

Nisifiche upande wa pili. Hukohuko Mongolia, watoto waliokunywa maziwa yaliyoongezwa vitamini D majira ya baridi walipata mafua nusu ya wenzao, lakini walikuwa wachache, 247. Mwaka 2017 walijumlisha majaribio 25 wakakuta inapunguza maambukizi ya njia ya hewa kwa asilimia 12 hivi, hasa kwa dozi ndogo za kila siku au kila wiki. Dozi kubwa za mkupuo hazikusaidia. Walipoongeza majaribio mengine 2021 faida ikashuka hadi asilimia 8, na hesabu ya 2025 ikaonyesha faida ndogo zaidi, ambayo haiwezi kutofautishwa na bahati.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: vitamini D ni ya mifupa, na ni ya mtoto aliyepungukiwa. Anayepungukiwa arudishiwe, na akirudishiwa huenda kifua chake nacho kikanufaika. Ambaye hajapungukiwa, ukimwongezea humjengei ukuta dhidi ya nimonia. Ukizidisha, kinachoongezeka ni kalsiamu kwenye damu.

Mzee wa Msasani

Daktari umeniunga mkono basi. Jua linatosha.

Dokta wa watoto

Shikamoo mzee. Jua lipo, ila watoto wetu hawapo juani. Wamasai na Wahadzabe waliwahi kupimwa, wastani wao wa vitamini D kwenye damu ukawa nanomoli 115 kwa lita, juu kabisa. Lakini mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Kilifi, Kenya, walijumlisha vipimo vya Afrika nzima wakakuta kama mtu mmoja kati ya watatu yuko chini ya 50, yaani amepungukiwa, na karibu mmoja kati ya watano yuko chini ya 30. Bara ni lilelile. Mmoja anachunga ng'ombe, mwingine amefungiwa ghorofani na dada na televisheni. Wako saba walicheza uwanjani, mzee wangu. Huyu hachezi uwanjani.

Na lile jua la saa moja asubuhi, samahani, kwa hili linatoa kidogo sana. Angalia kivuli: kikiwa kirefu kuliko wewe mwenyewe, miale inayotengeneza vitamini D ni michache. Dar kinaanza kuwa kifupi saa tatu na nusu hivi. Dirishani ndio kabisa, kioo kinaizuia. Mtoto wa umri huu mikono na miguu ikiwa wazi, acheze nje muda mfupi asubuhi hiyo, mara kadhaa kwa wiki, kisha arudi kivulini. Msimwache kwenye jua la mchana.

MamaTumaini

Wapendwa, nimechelewa kurudi, hizi siku nne zilikuwa ndefu.

Kalsiamu ilikutwa imepanda, daktari alisema si kiwango cha kutisha lakini imepanda. Figo ziko salama. Nililia pale kwenye benchi kwa furaha na kwa hasira yangu mwenyewe pamoja. Wametulaza usiku mmoja wakampa maji ya mshipa. Tumeambiwa tusimpe vitamini wala sirapu yoyote ya kuongeza hamu ya kula, maji kwa wingi, turudi baada ya wiki mbili kupima tena, kwa sababu vitamini D inajificha kwenye mafuta ya mwili na inachukua wiki kadhaa kushuka. Daktari alipoiona chupa aliita wanafunzi wake waje waione.

Kadi nimeikuta: chanjo ya wiki ya 14 haikuchomwa. Wiki sita natafuta kinga kwenye chupa ya Uingereza na kumbe sindano iliyokuwa bure mtaani kwangu tuliiruka. Wamemchoma jana.

Mfamasia77, sina neno la kukupa. Usingeuliza lile swali mimi ningeongeza dozi.

Mfamasia77

Mungu ni mwema. Naomba jambo moja, mwambie na mdogo wako. Anaweza kuwa ametumia wengine chupa ileile.

MamaTumaini

Nilimpigia usikuhuohuo. Alikuwa amemtumia na wifi yangu wa Tanga. Huyo alikuwa anatoa tone moja kama ilivyoandikwa, mtoto wake yuko salama.

Sista Njombe

Vizuri sana. Na mkaa?

MamaTumaini

Dada Sista, nimerudisha gesi, tutabana kwingine. Dada akipika mtoto anakaa chumbani na mlango umefungwa, au namwacha kwa jirani wa chini. Saa tatu na nusu wanapanda juu kwenye paa wanapoanika nguo, anatembea pale kama nusu saa. Zile wiki mbili zimetimia na kipimo cha pili kimetoka leo, kalsiamu imeshuka, iko kawaida. Mambo ya vitamini D daktari amesema tutayazungumza akifikisha mwaka na nusu, na safari hii watapima kwanza.

Kikohozi kimerudi usiku wa kuamkia leo. Nimekaa kitandani na simu, nimemfunua kifua, nimehesabu mara mbili. 32, halafu 34. Hakubonyei. Amenyonya, amelala.