Naomba ushauri: epoksi kwenye sakafu ya chumba baridi cha samaki, soko la Feri, Dar

Wakuu, kazi ni kupaka epoksi (rangi ngumu ya resini inayochanganywa na hadena, yaani kigumishi) mita za mraba 24, zege la chumba kinachokaa nyuzi 4. Mwenye chumba anaruhusu kuzima mashine siku mbili tu.

Tatizo ni umande. Hewa ya Dar ikiwa nyuzi 30 na unyevu 80%, umande unaanza kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 kushuka. Ukifungua mlango huku zege lina nyuzi 10, sakafu inatoka jasho kama chupa ya soda. Kabla ya kupaka, sakafu inatakiwa ipite kiwango hicho cha umande kwa nyuzi 3 angalau, na zege nene halipati joto haraka. Jiko la mkaa msinishauri: linaongeza mvuke na kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo inayoleta utando wa mafutamafuta juu ya epoksi. Utando huo unaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kwanza, msasa baadaye. Ukianza na msasa unausambaza, na koti la pili linabanduka.

Epoksi ya kawaida chini ya nyuzi 10 karibu inagoma kukauka. Resini ya MMA (methili methakrilati, aina nyingine ya kupaka sakafu) inakauka ndani ya saa moja au mbili hata kwenye baridi kali, ila harufu yake inaingia kwenye samaki.

Kuna aliyetumia hadena ya fenalkamini (aina inayokausha epoksi hata kwenye baridi) kwenye nyuzi 5 hivi? Mliacha saa ngapi kabla ya koti la pili? Na mashine ya kukausha hewa inakodishwa wapi hapa mjini?