Rais wa Marekani ana mamlaka juu ya gavana wa jimbo?

Binti wa Langoni, Lamu
Asalaam aleikum jamani. Vijana wa mtaani kwetu tuna mdahalo Jumamosi, nami nimepangiwa kueleza serikali ya shirikisho ya Marekani. Mihimili mitatu naijua: Kongresi hutunga sheria, rais hutekeleza, mahakama huamua. Kinachonitatiza ni magavana. Kule wapo na kwetu Kenya wapo. Je, rais wao anaweza kumwondoa gavana? Wenye kujua nisaidieni, nisije nikababaika mbele za watu.

Nahodha wa Shela
Waaleikum salaam dada. Usijisumbue, ni mambo yale yale. Wao wana majimbo 50, sisi kaunti 47. Gavana ni gavana.

Mwalimu Mstaafu, Malindi
Waaleikum salaam mwanangu. Nahodha, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe, na naomba tusimpeleke mtoto mdahaloni na jibu hilo.

Nimesomesha uraia miaka mingi na hapo ndipo wengi hupotea: wanahesabu mihimili ya Washington, wanasahau kwamba kila jimbo nalo lina mihimili yake mitatu kamili. Texas ina gavana, bunge na mahakama zake mpaka ile ya juu kabisa ya jimbo. Kaunti yetu ina gavana na bunge, basi. Hakimu anayekaa Lamu ni wa Idara ile ile ya Mahakama inayoongozwa kutoka Nairobi.

Swali lako sasa. Rais wa Marekani hawezi kumwondoa gavana, wala Kongresi haiwezi. Humwondoa bunge la jimbo lake, na katika baadhi ya majimbo wapiga kura wenyewe, kama California walivyofanya mwaka 2003. Kwetu, bunge la kaunti likipitisha hoja, uamuzi wa mwisho uko Seneti. Tena Kifungu cha 192 cha katiba yetu kinamruhusu rais kusimamisha serikali nzima ya kaunti, tume ikishachunguza na Seneti ikiridhia.

Lakini shina la yote ni hili, mwanangu, lishike: mamlaka ambayo katiba haikuyagawa ni ya nani? Marekani majimbo yalitangulia, kisha yakaikabidhi serikali ya kati mambo maalumu, kama vita, sarafu na mikataba ya nje. Marekebisho ya Kumi ya mwaka 1791 yanasema yasiyokabidhiwa yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 186, inasema ambalo kaunti haikupewa ni la serikali ya kitaifa.

Fungua Jedwali la Nne usome mwenyewe. Feri na bandari zimo upande wa kaunti, ila papo hapo usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa umeondolewa. Chekechea ni ya kaunti, shule ya msingi ni ya taifa. Nyinyi wa Amu, yaani Lamu, mnaovuka hadi Mokowe, bara, kwa boti kila siku, mistari hiyo yawahusu sana.

Binti wa Langoni, Lamu
Shukran sana mwalimu, sasa nimeelewa. Na Seneti zao na zetu zafanana?

Mwalimu Mstaafu, Malindi
Kwa usawa, ndiyo. Wyoming yenye watu wachache ina maseneta wawili sawa na California, na Lamu huchagua seneta mmoja sawa na Nairobi. Sisi wachache tuithamini nafasi hiyo. Tuliwahi kuwa na Seneti pamoja na mabunge ya mikoa katika katiba ya 1963, aliyoipigania Ronald Ngala wa huku kwetu na chama chake cha KADU. KADU ilivunjwa 1964, na Seneti ikafutwa 1966.

Nahodha wa Shela
Mwalimu, nimekuelewa. Dada, wakikuuliza majaji: wao tisa katika Mahakama ya Juu, huteuliwa na rais, Seneti ikawaidhinisha, na hukaa maisha. Wetu saba, na hustaafu wakifika miaka 70.