Tiketi ya ndege: wakala wa mtandaoni, shirika lenyewe au wakala wa ofisini? Tulinganishe

Jahazi

Wakuu, habari za wakati huu. Nakata tiketi za watu wanne, mimi, mke wangu na watoto wawili, kwenda na kurudi, tunabadilisha ndege mara moja njiani. Nimekaa siku tatu na daftari nikiandika bei, na kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

Bei ya shirika kwenye tovuti yao nimeifanya ndiyo kipimo. Wakala wa kwanza wa mtandaoni, niliyempata kupitia injini ya kulinganisha bei, alikuwa chini yake kwa asilimia 11. Nikafurahi. Nikajaza majina manne, namba nne za pasipoti, tarehe za kuzaliwa. Ukurasa wa tatu likaja suala la begi: bei yake haikuwa na begi la kupakia, ya shirika inalo. Ukurasa wa nne ukawa wa viti. Wa tano "ulinzi wa safari": kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa "Endelea na ulinzi", na chini yake, kwa herufi za kijivu ambazo mke wangu alizisoma baada ya kukuza skrini, "Endelea bila ulinzi". Juu kabisa kuna saa nyekundu inahesabu dakika kurudi nyuma. Kwenye malipo ikaongezeka ada ya huduma na ada ya kadi. Jumla yote ikawa asilimia 3 JUU ya bei ya shirika.

Wakala wa pili yuko chini kwa asilimia 6 hata baada ya kuweka mabegi yote. Huyo ndiye anayeniumiza kichwa, maana kwa watu wanne asilimia 6 si pesa ya kuichezea. Lakini mwaka juzi nilikata kwa wakala wa namna hiyo, jina langu nikaliandika na herufi moja isiyo yake, na kuirekebisha kulichukua siku nne. Shirika lasema nenda kwa wakala, wakala asema tunasubiri shirika. Sitaki kupita huko tena nikiwa na watoto. Naombeni uzoefu wenu.

KauntaYaZamani

Mkuu Jahazi, nimefanya kazi kaunta ya tiketi miaka mingi, kwanza upande wa wakala, baadaye upande wa shirika. Nitakueleza ninavyolijua jambo hili kwa ndani.

Zamani wakala aliishi kwa kamisheni. Anakuuzia tiketi kwa bei ile ile ya shirika, shirika linamkatia chake. Mwaka 1995 shirika la ndege la Delta lilitangulia kuiwekea kamisheni kikomo huko Marekani, na mwaka 2002 likaifuta kabisa ile ya msingi, wengine wakafuata. Mwaka 2015 Lufthansa ikageuza kibao zaidi: tiketi zake zinazopitia mifumo mikubwa ya mauzo kama Amadeus na Sabre zikaanza kutozwa euro 16 za ziada. Sasa jiulize, kama shirika halimlipi wakala kama zamani, naye anauza chini ya bei ya shirika, anakula wapi? Anakula kwenye begi, kiti, bima, kadi, na siku utakapotaka kubadilisha tarehe. Ile bei ya kwanza huwa ameikata kwa makusudi, wakati mwingine chini ya anachokwenda kulipa shirika, ili jina lake likae juu kwenye injini ya kulinganisha. Alichokitoa kwenye ukurasa wa kwanza anakifuata kwenye ukurasa wa tano. Ndicho kilichokukuta.

Ila bei ndiyo sehemu ndogo. Kubwa ni hili: tiketi iliyotolewa na wakala iko mikononi mwa wakala. Kwenye skrini ya shirika nilikuwa naiona yote, jina, safari, malipo, lakini nikitaka kuigusa mfumo unanionyesha ofisi nyingine ndiyo inayoimiliki. Siku yenyewe ya safari tunaweza kusaidia, kabla ya hapo mara nyingi mikono imefungwa. Abiria walidhani nawakatalia kwa kiburi. Kuna baba mmoja simsahau. Alisimama mbele yangu simu sikioni, muziki wa kusubiri nausikia hadi upande wangu wa kaunta, mtoto amelala begani. Wiki mbili kabla, ndege yake ilikuwa imebadilishiwa ratiba iondoke mapema zaidi kwa muda wa saa tano, na shirika lilituma taarifa. Ilikwenda kwenye barua pepe ya wakala, kwa sababu wakala ndiye aliyeandikwa kwenye ile nafasi. Baba wa watu alifika kwa saa zilizoandikwa kwenye karatasi yake, ndege imeshaondoka.

Kuhusu wakala wako wa pili, fanya mambo mawili kabla hujatoa kadi. Angalia kama anakuuzia tiketi moja ya safari nzima au mbili tofauti zilizounganishwa. Halafu tafuta bei ya mtu mmoja, kisha ya watu wanne, kwenye tovuti ya shirika. Viti vya daraja lile lile la kukaa huuzwa kwa ngazi za bei. Ngazi ya chini ikibakiwa na viti vitatu nawe unataka vinne, mfumo kwa kawaida unawapandisha wote wanne ngazi ya juu. Wengi wakiona hivyo hudhani tovuti imewapeleleza na kuwapandishia.

Bi Tausi

Alichosema KauntaYaZamani kuhusu nani ameshika tiketi nimekilipia kwa machozi, kaka Jahazi. Safari yangu ilifutwa na shirika. Nikajua pesa inarudi, maana kosa si langu. Shirika likanijibu kwa maandishi kwamba limesharudisha fedha kwa wakala. Wakala akanijibu kwa maandishi kwamba hajapokea kitu. Nikawa na barua mbili zinazopingana, kila moja na nembo nzuri juu, na mfukoni sina senti. Zilipita wiki 11. Ilipokuja ilikuwa pungufu, wamekata "ada ya kushughulikia marejesho".

Niliyojifunza baadaye ni haya. Kwa safari zinazoingia kwenye kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, ndege ikifutwa na wewe ukachagua pesa, shirika lina siku 7 za kukurudishia. Na mwaka 2018 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema rejesho hilo linajumuisha na kamisheni ya wakala, isipokuwa kama wakala aliipanga bila shirika kujua. Kwa safari za Marekani, kanuni iliyotoka mwaka 2024 inasema anayetakiwa kurudisha ni yule ambaye jina lake limetokea kwenye taarifa ya kadi yako. Kwa hiyo dada zangu na kaka zangu, mkishalipa fungueni taarifa ya kadi siku hiyo hiyo mwone limeandikwa jina la nani. Laiti ningefanya hivyo, nisingepoteza wiki nne za kwanza nikimpigia mtu asiye sahihi.

Na lile suala la kughairi ndani ya saa 24 bila makato, msilichukulie kuwa lipo kila mahali. Kanuni ya Marekani inayabana mashirika ya ndege, tena kama umekata siku 7 au zaidi kabla ya safari. Mawakala wa mtandaoni haiwabani. Baadhi wanatoa nafasi hiyo kwa hiari yao, wengine hawatoi. Someni kabla ya kulipa.

MchoraRamani

Naomba niwatetee kidogo mawakala wa mtandaoni, maana naona wanasulubiwa wote kwa pamoja. Nasafiri peke yangu, begi moja la mgongoni, tarehe zangu hazibadiliki. Kwa safari ya moja kwa moja ya namna hiyo nimekata kwa mawakala mara nyingi na nimeokoa pesa kweli. Pia kuna njia ambazo shirika moja halikufikishi, na wakala ndiye anayekuonyesha kwamba ukienda na hili na kurudi na lile inawezekana. Tovuti ya shirika haitakuonyesha ndege za mshindani wake.

Ninachokubaliana nanyi ni hatari ya tiketi mbili zilizounganishwa. Hilo nimelionja. Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikaondoka, na shirika la pili likaniambia kwa adabu kabisa kwamba kwao mimi ni abiria ambaye hakutokea. Lilikuwa sahihi. Nilikuwa na mikataba miwili isiyojuana. Na hata ndege zikiwahi, unatoka, unachukua begi lako, unaingia nchi ya watu, unajipanga upya kwenye foleni. Kama nchi hiyo inakutaka viza, umekwama. Ukiwa peke yako unavumilia. Na watoto wawili, hapana.

Kwa hoteli mambo ni tofauti na ndege. Mikataba mingi ilizuia hoteli kutangaza kwenye tovuti yake bei ya chini kuliko ya wakala, ndiyo maana unakuta bei zinafanana kila upande. Booking.com iliondoa masharti hayo kwa nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya mwaka 2024 baada ya sheria mpya kuibana. Kwingineko bado inafaa kuwapigia simu wenyewe hotelini. Hata pale wasipoweza kutangaza bei ya chini, mara nyingi wanaweza kukupa kifungua kinywa au chumba bora, kwa sababu kamisheni ya wakala imebaki kwao.

Na zile saa nyekundu na "watu 9 wanaangalia chumba hiki": mwaka 2019 mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliyafanya makampuni sita ya kutafutia vyumba vya hoteli mtandaoni, zikiwemo Expedia, Booking.com, Agoda na trivago, yakubali kubadilisha namna ya kuwabana wateja kwa ujumbe wa aina hiyo. Trivago ilitozwa faini ya dola milioni 44.7 za Australia mwaka 2022 kwa sababu chumba ilichokiweka juu kama bei nzuri mara nyingi hakikuwa cha bei ya chini. Kwa hiyo mkuu, ile saa iache ihesabu. Ikifika sifuri, fungua ukurasa upya.

Dirishani

La sarafu halijasemwa. Kama wakala amesajiliwa nchi nyingine, benki yako inaweza kukata ada ya muamala wa nje hata kama bei uliiona kwa sarafu yako. Na wakikuuliza ulipe kwa sarafu yako au ya kwao, chagua ya kwao na iache benki ibadilishe. Kiwango cha muuzaji karibu kila mara ni kibaya zaidi.

Mama Pacha

Mmemsahau wakala wa ofisini, yule mwenye meza na kiti. Nilisafiri na pacha wangu wakiwa na miezi minane, tukiwa watu saba kwa jumla. Huyo dada alinitoza ada yake waziwazi tangu mwanzo, iko kwenye risiti, mstari wake peke yake. Alishikilia nafasi hadi kesho yake bila mimi kulipa, ili mdogo wangu apate ruhusa kazini. Akaniuliza jambo ambalo hakuna tovuti iliyoniuliza: watoto wanahitaji vitanda vya ndegeni? Vipo vichache, vinaombwa mapema. Usiku tuliobadilishiwa ndege alipokea simu saa nne. Bei yake ilikuwa juu kuliko zote nilizoziona mtandaoni na ningemlipa tena.

Uliza tu kabla: ukipatwa na jambo nje ya saa za kazi, nani anapokea simu? Kama jibu ni "tutume barua pepe", basi hana tofauti na wale wa mtandaoni.

Jahazi

Nawashukuru sana wote. Nimekaa tena na daftari jana usiku, na naleta majibu.

Wakala wa pili: nilifungua maelezo ya safari, nikashuka hadi chini kabisa, chini ya picha na chini ya alama za wateja. Pale pameandikwa "uhamisho binafsi, kusanya mizigo yako". Tiketi mbili, mashirika mawili, muda wa katikati saa moja na dakika 50. Ile asilimia 6 imetoka hapo. Nimemfuta.

Tovuti ya shirika: mtu mmoja bei ya chini, watu wawili bei ile ile, watatu ile ile, wanne inapanda. Kama alivyosema KauntaYaZamani, viti vilivyobaki ngazi ya chini ni vitatu. Sasa nafikiria kukata mara mbili, mke wangu na watoto wawili kwa bei ya chini, mimi peke yangu kwa ile ya juu. Nikikokotoa, tunaokoa karibu asilimia 5, kwa shirika lenyewe, tiketi kamili. Kuna ubaya?

KauntaYaZamani

Hakuna ubaya mkubwa, mkuu, ila ujue mfumo utawaona kama makundi mawili. Ndege ikibadilishwa, wao wanaweza kupangiwa asubuhi na wewe jioni. Ukishakata tu, piga simu kwa shirika uwape kumbukumbu zote mbili, zile zenye herufi na tarakimu sita, uwaombe waziunganishe kwa maelezo. Kwa kuwa umekata kwao wenyewe wanaweza kulifanya wakiwa kwenye simu. Usikubali kukata simu kabla hawajakusomea maelezo hayo.

Kisha hakikisha una namba nne za tiketi, kila moja tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika hilo na zinafanana kwa wote. Nafasi bila namba ya tiketi inaweza kufutika yenyewe. Na majina yaandike ukiwa na pasipoti mkononi, ukifuata ile mistari miwili ya chini yenye alama nyingi, kwa sababu hiyo ndiyo mashine inayosoma.

Jahazi

Nimeshakata. Namba nne ninazo, zote zinaanza sawa. Simu ilichukua dakika 12, dada wa shirika amenisomea maelezo mara mbili, na mke wangu amesoma herufi za majina kwa sauti huku mimi nafuatisha kwenye skrini.